Vifaa vya jeraha visifungiwe pamoja na dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo watu wengi huamini kuwa wamekwisha kulimaliza siku waliponunua sanduku jeupe na kuliweka juu ya kabati. Nakusudia sanduku la huduma ya kwanza, la nyumbani na la safarini. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia katika chumba cha kupokelea majeruhi, ambako mtu hujifunza upesi kusoma kilichofanyika nyumbani kwa kutazama tu jinsi jeraha lilivyofungwa, au lilivyoachwa bila kufungwa.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu pale mwanawe wa miaka 9 alipoteleza akiwa ameshika bilauri. Bilauri ilipasuka, na kipande kimoja kikamchana kiganja kuanzia chini ya kidole gumba hadi karibu na kifundo cha mkono. Kaka yangu alikimbia kuleta sanduku. Lilikuwa sanduku zuri la plastiki ngumu, lakini lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe ulichukua muda kuonekana. Tulipolifungua tulikuta karatasi za vidonge zilizobaki nusunusu, chupa tatu za dawa ya maji zilizoganda sukari shingoni, kipimajoto kisicho na betri, na pakiti ya plasta za zamani ambazo gundi yake ilikuwa imekauka kiasi kwamba niliibandika moja ikadondoka yenyewe kama jani. Hamkuwa na kipande hata kimoja cha shashi. Hamkuwa na bandeji wala mkasi. Nilichukua foronya iliyofuliwa, nikaikunja mara nne, nikaikandamiza juu ya kiganja na kuuinua mkono wa mtoto kupita usawa wa moyo, kisha nikamwomba baba yake aangalie saa na asiniruhusu kufunua kabla ya dakika 10 kwisha. Damu ilisimama, mtoto akapelekwa kushonwa, na mkono wake leo ni mzima.

Simwandiki kaka yangu kwa kumlaumu, kwa sababu masanduku kama lile nimeyaona katika nyumba za watu wa kila aina, wakiwemo wenzangu tunaofanya nao kazi hospitalini. Sanduku la namna hiyo hujazwa na maradhi yaliyopita: mtu akipona kikohozi, kinachobaki kinatiwa humo, akipona jino, vidonge vilivyobaki vinatiwa humo. Baada ya miaka miwili sanduku limejaa, na kwa kuwa limejaa mwenye nyumba hulihesabu kuwa liko tayari. Kisha, kwa kuwa limejaa dawa, na nyumbani kuna watoto, analifunga kwa ufunguo, na hapo anafanya jambo la busara kabisa. Kosa limo katika kuweka mahali pamoja vitu viwili vinavyohitaji kutunzwa kwa namna zinazopingana. Dawa zinapaswa kufungwa zisifikiwe na mtoto. Vifaa vya jeraha vinapaswa kuwa wazi, vifikiwe na kila mtu mwenye akili timamu aliyemo nyumbani, hata huyo mtoto wa miaka 9 iwapo atakayeumia ni bibi yake wakiwa wawili tu.

Kwa hiyo pendekezo langu, Mhariri, ni kwamba kila nyumba iwe na vyombo viwili. Kimoja ni cha dawa, chenye ufunguo, kilichowekwa juu. Cha pili ni cha huduma ya kwanza, kisicho na ufunguo, kisicho na kidonge hata kimoja cha kumdhuru mtoto akikifungua kwa udadisi, na kilichowekwa mahali ambapo kila mwenyeji wa nyumba anaweza kupataja usiku akiulizwa ghafla. Mambo yanayohitaji mkono wa haraka katika dakika za mwanzo, yaani damu inayotoka, ngozi iliyoungua, mfupa uliovunjika na pumzi iliyoziba, hakuna hata moja linalotibiwa kwa kidonge cha kuhifadhi nyumbani.

Nianze na damu, kwa maana hapo ndipo masanduku mengi hupungukiwa. Kinachohitajika kwanza ni shashi safi, ambayo wengine huiita gozi, iliyofungwa kipande kimoja kimoja, ya ukubwa wa sentimita 10 kwa 10. Watu huweka vipande viwili na kudhani vinatosha. Jeraha linalotoka damu kwa kasi hulowesha kipande cha kwanza mara moja, na kanuni ni kuongeza kingine juu yake na kuzidi kukandamiza, bila kubandua kile cha chini, kwa kuwa kukibandua ni kung'oa damu iliyokwisha kuanza kuganda. Ndiyo maana napendekeza vipande visivyopungua 10, pamoja na pedi mbili kubwa za kufunikia majeraha mapana, na bandeji za kuviringisha za upana wa aina mbili: ya sentimita 5 kwa ajili ya kidole na kifundo, na ya sentimita 10 kwa ajili ya mguu na paja. Bandeji inayovutika, ambayo hutumika pia kwa mguu ulioteguka, ifungwe kwa kuanzia chini kwenda juu, na aliyefunga aibonye kucha ya kidole cha mwisho ili aone kama rangi inarudi haraka. Kucha ikibaki nyeupe au vidole vikifa ganzi, ameifunga kwa nguvu kupita kiasi.

Pamba isiwekwe moja kwa moja juu ya kidonda. Nyuzi zake hunasa ndani, na mimi nimetumia saa nyingi za maisha yangu kuzitoa moja moja kwa kibanio huku mgonjwa akilia. Spiriti nayo isimiminwe ndani ya jeraha, kwa sababu huua na kuunguza nyama hai pamoja na vijidudu. Mchubuko au mkato wa kawaida husafishwa vizuri kwa maji safi yanayotiririka, na sabuni hutumika kwa ngozi iliyo pembeni. Kama maji safi hayana uhakika, vichupa vidogo vya maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9, vinafaa sana, na vinafaa pia kuoshea jicho lililoingiwa na vumbi. Jeraha lililoingiwa na udongo au lililotokana na msumari humrudisha mtu kwenye suala la chanjo ya pepopunda, na hilo ni la kituo cha afya. Aliyeng'atwa na mbwa au mnyama mwingine aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama alama ya meno ni ndogo, kwa kuwa kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa, ilhali chanjo inayotolewa mapema huzuia.

Glavu ziwe jozi nne kwa uchache, na afadhali ziwe za nitrili kuliko za mpira wa kawaida, maana wapo watu wenye mzio wa mpira ambao hawajijui. Jozi nne kwa sababu glavu huchanika, na kwa sababu msaidizi wa pili naye anahitaji zake. Mkasi uwe ule wenye ncha butu, wenye nguvu ya kukata suruali nzito, kwa kuwa nguo juu ya mguu uliovunjika haivuliwi, inakatwa. Kibanio cha kutolea vibanzi kijaribiwe dukani kabla ya kununuliwa: vingi vinavyokuja ndani ya masanduku yaliyokwisha kujazwa havikutanishi ncha zake na haviwezi kushika hata unywele. Utepe wa kubandikia uwe wa karatasi au kitambaa, si ule wa ofisini. Plasta ndogo ziwepo za ukubwa mbalimbali, lakini zisipewe nafasi kubwa kuliko zinavyostahili. Nimeona masanduku ya madukani yanayotangazwa kuwa yana vitu 100 na ndani yake 60 ni plasta za kidole.

Wapo watakaouliza kuhusu mkanda maalumu wa kukaza mkono au mguu ili kuzuia damu. Ni kifaa kinachookoa maisha pale damu inapotoka kwa kuruka na kukandamiza kumeshindwa, lakini nisingemshauri mtu akinunue bila kufundishwa kukitumia. Huwekwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha upande wa moyo, kamwe si juu ya kiungo kama goti au kiwiko, hukazwa mpaka damu isimame, saa ya kukazwa huandikwa mahali panapoonekana, na hakilegezwi tena mpaka mgonjwa afike kwa daktari. Kamba nyembamba au waya havichukui nafasi yake, maana hukata nyama bila kuifunga mishipa iliyo ndani.

Kitu ambacho mimi hukipenda kuliko vyote katika sanduku ni bandeji ya pembetatu, kipande cha kitambaa kisichogharimu kitu kikubwa. Kinaning'iniza mkono uliovunjika, kinafunga kichwa, kinashikilia pedi juu ya goti, kinafunga mguu mmoja na mwenzake ili ule mzima uwe gango la ule uliovunjika. Daktari mpasuaji wa Ujerumani, Friedrich von Esmarch, aliyeishi kati ya 1823 na 1908, ndiye aliyeisambaza sana miongoni mwa askari, naye alifanya jambo ambalo bado nalistaajabia: alikichapisha kitambaa chenyewe michoro ya watu waliofungwa kwa namna mbalimbali, hivyo aliyekikunjua vitani alikuta mafundisho yake papo hapo juu ya kitambaa. Alielewa kwamba kifaa kisichojulikana matumizi yake ni mzigo tu. Masanduku yetu ya leo yana vijitabu vilivyoandikwa kwa herufi ndogo ndogo, na havijawahi kukunjuliwa na mtu yeyote. Ziwekwe bandeji za pembetatu mbili, na pini za usalama sita hivi.

Kuhusu kuungua nina maneno machache ila nayasema kwa mkazo, kwa kuwa dawa kubwa ya kuungua haimo sandukuni. Ni maji. Sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, na pete, bangili na saa zivuliwe mapema kabla kiungo hakijavimba. Hata kama saa moja au mbili zimepita bado maji hayo yanasaidia, hadi kama saa 3 baada ya kuungua. Dakika 20 ni ndefu sana kwa mzazi aliyeshika mtoto anayelia, na wengi huacha baada ya dakika mbili wakidhani wamemaliza. Barafu isitumike, kwa sababu huifanya mishipa midogo ijifunge na kuizidishia ngozi madhara. Dawa ya meno, mafuta na unga wa aina yoyote vinahifadhi joto au vinaingiza uchafu, na baadaye sisi hulazimika kuvikwangua juu ya nyama mbichi ili tuone kina cha jeraha. Baada ya maji, funika kwa ile nailoni nyembamba safi ya kufunikia vyakula, ukiwa umetupa mzunguko wa kwanza wa nje, na uilaze juu ya jeraha bila kuizungusha na kukaza. Nailoni hiyo hainati kwenye kidonda, na daktari anaona jeraha bila kuifunua. Malengelenge yasipasuliwe. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takribani asilimia 1 ya ngozi ya mwili wake. Kuungua kunakozidi kiganja hicho, au kulikogusa uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au viungo vya kukunjika, au kuliko kwa mtoto mdogo, ni kwa hospitali.

Sasa niingie katika kile chombo cha pili, cha dawa, ambacho kinapaswa kuwa na vitu vichache mno. Parasetamo ni ya kwanza, na ni dawa ambayo kwa kuwa iko kila mahali watu wameacha kuiogopa. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 katika saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akiviachanisha kwa muda wa saa 4 hadi 6 kwa kila mara. Ikizidi huliharibu ini, tena polepole, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kujiona mzima kwa siku nzima huku madhara yakiendelea. Dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani yake, hivyo anayemeza za mafua na za kichwa kwa pamoja huenda anameza dozi mbili bila kujua.

Kwa mtoto, hesabu hufanywa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa saa 24. Hapo ndipo penye hatari ninayotaka wazazi waitazame kwa karibu. Dawa ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti, na zilizo za kawaida ni ile ya miligramu 120 katika mililita 5 na ile ya miligramu 250 katika mililita 5. Chupa zinaweza kufanana, rangi ikafanana, na ladha ikafanana. Mtoto wa kilo 10 anayestahili miligramu 150 atapewa mililita 6 na robo kutoka chupa ya kwanza, lakini mililita 3 tu kutoka ya pili. Mama aliyezoea kijiko fulani, akibadilishiwa chupa bila kusoma lebo, humpa mwanawe zaidi ya mara mbili ya alichokusudia. Kwa sababu hiyo bomba la plastiki lisilo na sindano, lenye alama za mililita, ni la lazima kuliko chupa yenyewe, na kijiko cha jikoni kisitumike kupimia dawa, kwa kuwa hakuna vijiko viwili vya ukubwa mmoja. Mtoto aliye chini ya miezi 3 akipata homa apelekwe kwa daktari, asianze kutibiwa nyumbani.

Aspirini isipewe watoto na vijana walio chini ya miaka 16 bila agizo la daktari, kwa ajili ya ugonjwa adimu lakini mbaya wa ubongo na ini unaohusishwa nayo. Mtu mzima anayepata maumivu makali ya kubana kifuani hutafuna kidonge cha miligramu 300 huku gari la wagonjwa likiwa limekwisha kuitwa, mradi hana mzio wa dawa hiyo. Dawa ya kupunguza mzio wa ngozi inafaa kuwepo. Mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye kisukari na mwenye mzio mkali aliyeandikiwa sindano ya adrenalini, hao dawa zao zisihesabiwe kuwa za sanduku. Zikae nao wenyewe, na kila anayeishi nao ajue zinavyotumika. Antibiotiki zilizobaki hazina nafasi hapo. Anayezihifadhi kwa ajili ya siku nyingine hana dozi kamili, hajui kama ugonjwa ujao utakuwa wa bakteria, na anawafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Nimeacha kwa makusudi ORS, yaani unga wa kuchanganya na maji ili kumrudishia maji mwilini anayeharisha, kwa sababu naiheshimu kuliko dawa nyingi za bei kubwa. Ni pakiti ya unga wa glukosi, chumvi ya kawaida, kloridi ya potasiamu na sitrati, ambayo katika fomula iliyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2002 huwa na gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi kwa kila lita. Sukari hapo haikutiwa kwa ajili ya utamu: utumbo huifyonza chumvi ikiwa imeshikana na glukosi, na maji huifuata chumvi. Ukizidisha maji, chumvi haitoshi. Ukipunguza maji, unamkausha mgonjwa zaidi. Kwa hiyo pakiti yote itiwe katika maji yote yaliyoandikwa juu yake, na isomwe kweli, kwa kuwa zipo za lita moja, zipo za nusu lita, na zipo za mililita 200. Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, na aliyezidi umri huo mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10 na uendelee polepole zaidi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto aliyelegea, aliyeingia macho ndani, asiyeweza kunywa au mwenye damu katika choo chake hasubiri pakiti ya pili. Ziwekwe pakiti nne nyumbani, na katika mkoba wa safari zisikose kabisa.

Safarini mambo hubadilika kidogo. Anayesafiri hana kabati wala duka analolijua, na mara nyingi hajui hata namba ya kuita msaada: Marekani ni 911, Uingereza ni 999, nchi za Umoja wa Ulaya ni 112, na Japani gari la wagonjwa huitwa kwa 119. Namba hiyo iandikwe kabla ya kuondoka. Dawa anazozitumia kila siku azichukue za kumtosha muda wote wa safari na siku kadhaa za ziada, akae nazo mkononi na asizipakie katika mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, maana mizigo hupotea, na insulini ikiganda kwa baridi haifai tena hata ikiyeyuka. Zibaki katika maboksi yake halisi, zikiandamana na cheti cha daktari kinachotaja jina la dawa yenyewe na si jina la biashara tu, kwa kuwa jina la biashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Dawa inayouzwa bila cheti mahali pamoja yaweza kukatazwa mahali pengine. Japani, kwa mfano, hukataza kuingiza dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini, ambayo huzibua pua, na nchi kadhaa zinadhibiti vikali kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi. Mkasi wenye makali marefu utachukuliwa katika ukaguzi wa uwanja wa ndege, basi uwekwe katika mzigo mkubwa. Viwanja vingi bado vina kikomo cha mililita 100 kwa vimiminika vya mkononi, ingawa dawa za lazima huruhusiwa kuzidi zikielezwa.

Msafiri wa gari ana tatizo jingine, nalo ni joto. Gari lililofungwa juani huwa kama tanuri, na dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30. Gundi ya plasta huyeyuka, utepe hugandana, na vidonge hupungua nguvu bila kubadilika sura. Vifaa vya kitambaa vinaweza kubaki garini. Dawa zishuke na mwenyewe. Anayekwenda porini namwomba aviache vile vifaa vya kunyonyea sumu ya nyoka pamoja na wembe. Havisaidii na vinaongeza jeraha. Aliyeng'atwa atulizwe, kiungo kisichezeshwe, pete na viatu vivuliwe, na apelekwe hospitali bila kuchanjwa kwa wembe wala kufungwa kamba.

Chombo cha huduma ya kwanza kitiwe alama ya msalaba mweupe juu ya kijani. Wengi huchora msalaba mwekundu, lakini alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva kwa ajili ya huduma za tiba za majeshi na mashirika ya Msalaba Mwekundu, na matumizi yake ya kiholela yanapunguza ulinzi wake pale inapohitajika vitani.

Ndani ya kifuniko iwekwe kadi moja iliyoandikwa kwa mkono: namba ya dharura, jina la kila aliyemo nyumbani, mzio wake, dawa anazotumia, na kwa watoto uzito wao wa karibuni pamoja na tarehe waliyopimwa. Kadi hiyo imenisaidia kazini mara nyingi kuliko kifaa chochote kilichoko sandukuni, kwa sababu mzazi aliyeshtuka husahau hata tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Mara mbili kwa mwaka vyombo vyote viwili vimwagwe mezani. Kilichopita muda kirudishwe duka la dawa ambako wanapokea, kilichotumika kijazwe, na dawa ya macho iliyofunguliwa zaidi ya wiki nne itupwe hata kama tarehe ya kwenye boksi haijafika. Kisha watu wa nyumba wafungane bandeji, kila mmoja amfunge mwenzake mkono na kichwa. Itachukua robo saa, na watagundua nani hajui kufungua pakiti ya shashi bila kuishika katikati na kuichafua.

Mhariri, nina ombi moja kwako. Gazeti lako huingia katika nyumba ambazo mimi siwezi kuzifikia. Nakuomba utenge nusu ukurasa, hata mara moja kwa mwaka, uchapishe michoro mitatu tu: mkono unaokandamiza jeraha, kiungo kilicho chini ya maji pamoja na namba 20 iliyoandikwa kubwa, na pakiti ya ORS kando ya chombo cha lita moja. Iwe ya kukatwa kwa mkasi na kubandikwa ndani ya kifuniko, na maandishi yake yawe makubwa kiasi cha kusomwa usiku na mtu ambaye miwani yake imebaki chumbani.

Wako,
Muuguzi na msomaji wa siku nyingi